Baba yangu aliwahi kuwa kompyuta

Mwezi wa nane hapa Dodoma wenye mashamba wanavuna zabibu, mimi navuna vumbi. Upepo ukishaanza hauombi njia. Unabeba udongo, unaupitisha mlangoni, dirishani, kwenye chungu cha mlenda, mpaka kwenye feni za laptopu za watu. Kibanda changu kiko jirani na soko la Majengo, na msimu huu nafungua mashine mpaka vidole vinakakamaa. Laptopu iliyokaa Dodoma miaka mitatu bila kufunguliwa ina blanketi ndani. Siongezi chumvi, ni kitu unachoweza kukikunja. Nalitoa, napuliza kwa bloa, nafuta prosesa, napaka pesti mpya ya kupitisha joto, nafunga. Shilingi 15,000. Ukinililia vizuri, 12,000.

Wiki mbili zilizopita akaja kijana mmoja wa Udom, Chuo Kikuu cha Dodoma, anasoma mambo hayahaya ya kompyuta, mashine yake inazima kila baada ya dakika kumi. Nikaifungua mbele yake. Wengi wanaosomea kompyuta hawajawahi kuuona utumbo wake. Akainama, akatazama kwa muda.

"Dada fundi, kumbe ni hivi tu?"

"Hivi tu."

"Basi na sisi ni hivihivi."

Akaanza kunieleza. Mashine inapokea, inachakata, inatunza, inatoa. Mtu naye anapokea kwa macho na masikio, anachakata kichwani, anatunza, anatoa kwa mdomo na mikono. Humu mna umeme, kichwani mna umeme. "Binadamu ni kompyuta ya nyama, dada. Ila fundi wake ndiyo bado hajapatikana."

Nikamwambia kompyuta ya nyama kwa joto la Dodoma ingeshaoza. Akacheka, akalia, akalipa 12,000, akaondoka. Lakini neno lake likabaki mezani pamoja na vumbi la mashine yake, kwa sababu mimi nililisema kabla yake. Nililisema mwaka 2019, wodini, nikimsema baba yangu mzazi. Na nililisema kwa kujiamini, maana mimi ndiye fundi wa ukoo.

Baba alikuwa karani wa mizigo wa reli. Kazi yake ilikuwa karatasi: magunia mangapi, kilo ngapi, kutoka stesheni ipi kwenda ipi, nauli kiasi gani. Jioni alirudi na baadhi ya karatasi hizo nyumbani, akakaa mezani, akajumlisha. Namkumbuka akishuka na safu ya tarakimu kutoka juu hadi chini, midomo ikicheza bila sauti, kisha anaandika jibu kwa penseli pembeni. Halafu anaipanda safu ileile kutoka chini hadi juu. Majibu mawili yakifanana, anaandika kwa kalamu ya bluu na kuchora chini yake mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Yasipofanana, hakuna wa kumsemesha. Nyumba nyingine watoto wanakatazwa kelele kwa sababu baba amelala. Sisi tulikatazwa kwa sababu baba anapiga hesabu.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba neno kompyuta, huko kwa Waingereza lilikotoka, kwanza lilikuwa cheo cha mtu. Kompyuta alikuwa ni mtu anayelipwa kukokotoa. Kule Marekani, Katherine Johnson aliajiriwa mwaka 1953 kwenye kitengo ambacho wafanyakazi wake waliitwa hivyo kabisa, kompyuta, wanawake weusi wenye penseli na mashine za kujumlishia za mezani. Mwaka 1962 John Glenn alipokuwa anajiandaa kuizunguka dunia akiwa angani, hesabu za njia yake zilishapigwa na kompyuta ya umeme. Hakuridhika. Akataka yule mama azirudie kwa mkono kwanza. Ningependa sana baba ajue kisa hiki wakati bado anavaa sare.

Na Alan Turing, yule mwanahisabati Mwingereza ambaye kijana wa Udom alimtaja mara tatu ndani ya dakika tano, hakuanza na mashine. Kwenye makala yake ya mwaka 1936 alianza na mtu anayepiga hesabu kwenye karatasi. Mtu huyo anaangalia alama iliyo mbele yake, anajua yuko hatua ipi, anaandika, anasogea. Karatasi yenyewe aliilinganisha na daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba tuliloanza nalo darasa la kwanza. Akamvua mtu huyo kila kitu isipokuwa kufuata kanuni, na kilichobaki ndicho tunachokiita leo kompyuta.

Kwa hiyo ninaposikia binadamu ni kompyuta naona ukoo umegeuzwa. Ni kumtazama mtoto halafu ukamwambia baba yake, "Mzee, hakika umefanana na mwanao." Na mwana mwenyewe karithi pua tu.

Lakini hayo nayasema leo. Mwaka 2019 sikuyajua.

Ilikuwa asubuhi. Kaka anasema baba alikuwa ameshika kikombe cha chai. Mimi naapa alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Sote wawili tulikuwepo, chumba kimoja, na hadi leo tukikutana kwenye sikukuu tunabishana. (Mwanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus alichapisha utafiti wake mwaka 1974: watu walionyeshwa filamu za magari yanayogongana, halafu wakaulizwa mwendo wa magari. Walioulizwa kwa neno "yalipobamizana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwa neno "yalipogusana". Picha zilezile. Faili langu la mwaka 2011 nikilifungua leo kwa hasira au kwa furaha linafunguka vilevile.) Tunachokubaliana ni kwamba baba aliinua uso, akataka kusema kitu, na kilichotoka hakikuwa neno. Mkono wa kulia ukaning'inia.

Daktari alikuwa kijana, mvumilivu. Alituchorea ubongo nyuma ya karatasi ya dawa. Kiharusi kimepiga upande wa kushoto, akasema, ndiyo maana mwili umelegea kulia, na ndiyo maana maneno hayatoki, kwa sababu kwa watu wengi sehemu ya kutamka maneno iko upande huo. Akatuambia jambo hili limejulikana tangu mwaka 1861, pale daktari Mfaransa Paul Broca alipompasua marehemu mmoja ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan", akakuta uharibifu mbele kushoto. Akamwomba baba ahesabu moja hadi kumi. Baba akafungua mdomo, akafika "moja", akarudi "moja", akatutazama. Karani wa mizigo.

Tukatoka koridoni. Shangazi alikuwa bado hajafika kutoka Chamwino, mama alishatangulia mbele ya haki zamani, kwa hiyo tulikuwa mimi, kaka na wifi. Wakanigeukia mimi. Ukiwa fundi kompyuta kwenye ukoo unaulizwa kila kitu, kuanzia luku hadi ndoa. Nikasema, "Data imefutika. Na hatukuwa na bakapu."

Wakatikisa vichwa kwa masikitiko, maana ilieleweka. Ndio ubaya wa mfano unaoeleweka haraka.

Baada ya hapo niliishi na baba kama ninavyoishi na mashine ya mteja aliyekwama kulipa. Nilimsafisha. Nilimpa dawa za presha kwa saa. Nilimwekea televisheni. Nikizungumza naye natumia maneno mawili mawili, "kula baba", "lala baba", kwa sauti ya juu, ingawa daktari alishasema kusikia kwake hakuna tatizo na anaelewa zaidi ya anavyoweza kusema. Nilikuwa nasubiri mtu aje aniambie kipuri gani kibadilishwe. Na kwa kuwa hakuna kipuri, nikaona kazi imeisha. Miezi miwili ikapita namna hiyo, nami nilikuwa najiona mwana mwema.

Shangazi akaja na kuku wawili na begi moja. Hajawahi kushika kompyuta. Akanitazama siku mbili bila kusema kitu, ya tatu akaniambia nikae.

"Unamsalimia baba yako?"

"Si ananiona, shangazi."

"Nimeuliza unamsalimia?"

Kuanzia kesho yake ikawa amri. Kila asubuhi watoto wangu wawili, kabla ya uji, wanakwenda mbele ya kiti cha babu yao na kusema shikamoo, mmoja baada ya mwingine, na kusubiri. Shangazi mwenyewe anamsalimia kwa Kigogo, kisha anakaa kwenye kigoda anampa habari za kijijini kwa sentensi ndefu kabisa: nani kaoa, nani kauza ng'ombe bila kumwambia mkewe, mvua imenyesha upande gani. Anamuuliza maswali. Anamgombeza. Nikamwambia, shangazi, hawezi kujibu, ile sehemu imekufa. Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyeunguza ugali.

"Wewe umezoea vitu vinavyozimwa," akasema.

Sikumbuki ilikuwa wiki ya tatu au ya nne. Mwanangu mdogo, alikuwa darasa la pili, anawahi shule, akasema shikamoo babu huku tayari anageuka aondoke. Nyuma yake ikasikika sauti ya mzee, safi, haina kigugumizi wala mkwaruzo:

"Marahaba."

Mtoto hakushtuka hata kidogo. Kwake ilikuwa ndivyo inavyopaswa kuwa. Mimi ndiye niliyeangusha chupa ya chai.

Yule kijana wa Udom aliporudi mara ya pili, alifuata chaja, nilimsimulia habari hii. Akafikiri kidogo, akanipa jibu ambalo lilininyima usingizi siku mbili, na lazima nimpe haki yake. "Dada, hiyo ni BIOS," akasema. "Wewe mwenyewe unajua. Hadi diski ikifa kabisa, mashine bado inawaka, inaonyesha nembo, feni inazunguka. Kwa sababu kuna vitu vimechomwa kwenye chipu nyingine. Shikamoo, marahaba. Ingizo moja, jibu moja, tangu utotoni. Hakuna programu fupi zaidi ya hiyo kwenye Kiswahili chote."

Kwa kweli imekaa vizuri. Na wataalamu wa kiharusi wanajua jambo linalofanana na hilo: wagonjwa wengi waliopoteza maneno hubaki na yale ya mazoea. Salamu, sala, matusi, siku za wiki kwa mfuatano. Wengine hawawezi kuomba maji lakini wanaimba pambio zima kanisani bila kukosea. Kijana alikuwa ameweka kidole mahali penyewe. Kilichobaki kwa baba kilikuwa kile kilichofanana zaidi na mashine.

Ila BIOS haifanyi kilichofuata.

Baada ya marahaba, baba akanijibu mimi siku moja, "Marahaba, mama." Ananiita mama tangu nimezaliwa, nimepewa jina la mama yake. Kisha likaja "chai". Kisha "hapana", ambalo alilitumia kama mtu aliyepata silaha. Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha kuuvika soksi mkono wa kushoto, ulio mzima, ili ule wa kulia ukose pa kukimbilia, na mkono ukaanza kushika kijiko. Mwaka wa pili akawa anaunga maneno matatu, manne. Na kile kidonda kichwani kiko palepale. Sehemu iliyokufa imekufa, haikufufuka. Sehemu nyingine, ambazo hazikuwa na kazi hiyo au zilikuwa nayo kidogo, zimeichukua, polepole, kwa kurudiarudia. Kila salamu ya wajukuu ilikuwa inasogeza kitu humo ndani.

Mimi nina miaka 17 kwenye kazi hii. Nimeona ramu zimekufa, prosesa zimeungua, mazabodi zimemwagiwa soda. Sijawahi kuona feni ikijifunza kuwa ramu kwa sababu ya kusalimiwa kila asubuhi.

Hapo ndipo nilipo, na nikimwambia kijana anadhani naongelea roho. Kanisani nakwenda, lakini hapa siongelei roho. Naongelea bisibisi. Kwenye meza yangu chuma ni kitu kimoja na programu ni kitu kingine. Naweza kuitoa Windows kwenye mashine hii nikaipiga kwenye ile, nikazibeba picha za harusi yako kwenye fleshi mfukoni, mashine ikazimwa mwezi mzima kisha ikaendelea ilipoishia. Kwa baba hakuna pa kuchomeka fleshi. Kumsemesha kulibadilisha nyama yenyewe. Programu ndiyo chuma, na chuma kinaota upya kila kinapotumika, na hakuna hata sekunde moja tangu kuzaliwa kwake mwaka 1950 ambayo kimezimwa ili fundi afungue. Hata akilala kinafanya kazi.

Kijana ana hoja nyingine. Ameniletea McCulloch na Pitts, Wamarekani walioonyesha mwaka 1943 kwamba ukizichukulia seli za neva kama swichi, inawaka au haiwaki, zinaweza kufanya mantiki yote ya ndiyo na siyo. Sawa. Lakini hiyo "ukizichukulia" imebeba gunia zima. Seli hiyohiyo inasikiliza pia homoni, sukari, hofu, usingizi, ukali wa mdundo na umbali wa mdundo uliotangulia. Kuna mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja ambao wanasayansi wameuchunguza sana. Una seli za neva 302 tu, na ramani ya nyaya zake zote ilichapishwa mwaka 1986. Mpaka leo ramani hiyo peke yake haitoshi kueleza kila kitu mnyoo ule unachofanya. Mimi ukinipa mchoro wa mazabodi nitakueleza hadi kapasita ya mwisho. Na binadamu, kwa hesabu ya watafiti wa Brazil ya mwaka 2009, ana seli za neva kama bilioni 86.

Halafu kuna suala la umeme, ambalo kwangu ni suala la kila siku kwa sababu ukikatika sili. Chaja ya laptopu ya kawaida imeandikwa wati 65. Ubongo mzima unajiendesha kwa wati 20 hivi, chini ya nusu ya balbu zile za zamani za kioo. Ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati yake. Ugali wa uwele na mlenda wa karanga, wati 20, na mzee anamtambua mtu kwa kikohozi chake akiwa bado nje ya geti. Ukiona mashine yoyote hapa mjini inayofanya hivyo kwa ugali, niletee niifungue bure.

Baba mwenyewe, zamani, hakuwahi kusema kichwa ni kompyuta. Alisema kichwa ni stesheni. Treni zinaingia, zinatoka, na anayebadili njia za reli akisinzia, mbili zinakutana. Nilidhani ni methali yake tu, kumbe ndiyo desturi ya dunia. Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, aliona sanamu zinazoendeshwa kwa maji kwenye bustani za kifalme Ufaransa, akaieleza mishipa ya fahamu kwa mabomba. Zikaja simu za waya, watu wakasema kichwani mna telegrafu, kisha mna mtambo wa kuunganisha simu. Sasa ni kompyuta. Kila zama huangalia kile kifaa chake cha gharama kubwa na kujiona ndani yake. Sisemi mifano hiyo haina kazi. Ya baba ilinisaidia kuelewa kiharusi kuliko ya kwangu: njia moja imekatika, treni zinazungushwa kwingine, zinachelewa, lakini zinafika.

(Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 nilimpeleka kuiona. Akaitazama ikiingia, akatafuta neno muda mrefu, akasema, "Moshi." Kama swali.)

Kitu kingine ambacho sijui nikiweke wapi. Mwaka 2020 tulimpeleka Chamwino kwa shangazi akakae miezi michache, maana mjini vumbi na makelele. Wakati huo hesabu zilikuwa bado hazijarudi, ukimwonyesha vidole vitatu anasema "moja". Jioni moja mbuzi wanaingia zizini, baba yuko kwenye kiti chake, anaanza kugonga fimbo chini. Tok, tok, tok. Tukadhani anataka maji. Anagonga, ananyoosha fimbo kwenye mlango wa zizi, anagonga. Shangazi akaelewa kabla yangu, akamtuma kijana porini, akarudi na mbuzi mmoja wa madoa aliyenaswa kwenye miiba. Mbuzi walikuwa zaidi ya arobaini. Mtu asiyeweza kuhesabu hadi nne alijua kwamba hawajatimia, kwa sababu hakuwa anawahesabu. Alikuwa anawaona, kila mmoja kwa sura yake, kama alivyofundishwa akiwa mchungaji mdogo kabla ya shule na kabla ya reli. Ukarani ulikuja juu ya hicho. Kiharusi kilibomoa ghorofa ya juu.

Kijana alisema hiyo ni utambuzi wa picha, kompyuta za siku hizi zinafanya. Nikamwambia ni kweli, zinafanya. Tukanywa soda.

Nikamwongezea moja, la jirani. Tuna jirani aliyesogeza uzio wake hatua mbili kwenye kiwanja cha baba, kesi ikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa ikaishia hewani. Ni mdogo kwa baba, kwa hiyo anapaswa kumwamkia. Kipindi kile baba ana maneno matano tu duniani na la kwanza ni marahaba, jirani akaja kumjulia hali, akainama vizuri kabisa, "Shikamoo mzee." Baba akamtazama. Akautazama uzio kupitia dirishani. Akamtazama tena. Hakusema kitu. Jirani akarudia. Kimya. Akaondoka, na mjukuu alipoingia dakika hiyohiyo na shikamoo yake, akajibiwa marahaba kama kawaida.

"Hiyo ni sharti tu, dada," kijana akasema huku anacheka. "Kama ni jirani, usijibu. Mstari mmoja."

"Nani aliuandika?"

"Uzio."

Nilikubali kwamba hapo amenipiga. Ni kijana mwenye akili, atafika mbali akiacha kulilia punguzo.

Siku hizi baba anashinda na mimi kibandani hadi saa sita, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, redio sikioni. Jioni nyumbani nampa daftari la mauzo. Nilianza kama kumpa kitu cha kushika. Anashuka na safu, midomo inacheza, anapanda. Ukurasa mmoja unamchukua nusu saa, pengine zaidi, na jibu hawezi kulisema kwa sauti, anakwama kwenye "elfu". Lakini kalamu nyekundu anaidai yeye mwenyewe.

Juzi alinirudishia ukurasa bila mistari miwili. Nikamwambia, baba, nimejumlisha kwa simu, kikokotoo hakikosei. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja katikati ya safu, akakiacha hapo. Nikaangalia. Ni siku ya yule kijana. Nilikuwa nimeandika 15,000 kwa mazoea, na kwenye simu nikabonyeza 12,000 nilizopokea. Jumla niliyoandika chini haikulingana na safu, tofauti ni 3,000.

Nikafuta kwa mkono wangu, nikaandika 12,000, nikamrudishia daftari. Akaanza tena kutoka juu.